Mashine Iliyosalimiwa Mara Mbili

Shangazi yangu alikuwa na kazi ambayo hakuna mtu katika ukoo aliyeweza kuieleza mbele ya wageni. Ndugu wengine kazi zao zilijieleza zenyewe: huyu nesi, yule dereva wa lori, yule mwingine mwanasiasa, yaani hana kazi. Zamu ya Shangazi ikifika, bibi alikohoa kidogo, akasema, "Huyu anashughulika na matundu ya kompyuta," kisha haraka haraka akawakaribisha watu chai.

Bibi hakuwa mbali na ukweli. Ubavuni mwa kila kompyuta kuna yale matundu ya USB ambamo tunachomeka waya za kila namna, na kila mara tunachomeka kichwa chini miguu juu. Nyuma ya matundu hayo imekaa chipu moja ndogo nyeusi, mfano wa ukucha wa kidole cha mwisho. Kazi yake ni kupokea wageni. Kitu kikichomekwa, inakiuliza: wewe nani, unataka umeme kiasi gani, umekuja kufanya nini hapa? Chipu yenyewe haina akili ya kuzaliwa nayo, inaongozwa na programu inayoitwa kiendeshi. Viwanda vinavyotengeneza chipu hizo ni vingi, na vyote vimeapa kufuata kitabu kimoja cha kanuni, kinene kama mto wa kulalia, na nadhani vingi vimekitumia kwa kulalia tu.

Maana kila chipu ina vituko vyake. Kuna inayojibu "nimeamka" huku bado inakoroma. Kuna ambayo ukiilaza kidogo ili uokoe umeme, inanuna, haiamki tena mpaka uzime kompyuta nzima. Kuna inayojibu swali ambalo halijaulizwa, kama mtoto anayetaka kusifiwa darasani. Huwezi kuzirudisha kiwandani. Zimeshauzwa, zimo ndani ya kompyuta za watu, na kiwanda kikiulizwa kitaapa kwamba kosa ni lako. Kwa hiyo mle ndani ya kiendeshi yanaandikwa maagizo ya pembeni: ukikutana na huyu, usimlaze, ukikutana na yule, swali mwulize tena. Shangazi alikuwa miongoni mwa watu wanaoandika maagizo hayo, kwenye mfumo wa kompyuta wa bure unaotumiwa na ofisi, shule na hospitali za nchi nyingi, na unaotunzwa na watu waliotawanyika huku na huko, wanaojuana kwa barua pepe na kwa ubishi.

"Ni kama kupanga viti kwenye shughuli ya ukoo," aliniambia siku moja. "Fulani usimweke karibu na fulani. Mjomba wenu yule asipewe kipaza sauti. Watu huwabadilishi, mwanangu. Unabadilisha mpangilio."

"Na wao wanajua kama wamepangwa?"

"Wakijua umeshindwa kazi."

Mchana alikuwa ameajiriwa na kampuni inayouza kompyuta kwa maofisi. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya stoo, na dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani. Juu ya meza kulikuwa na mbao za kompyuta, zile zenye chipu, zilizovuliwa nguo, bisibisi zimesimamishwa ndani ya kopo la maziwa, na feni iliyopuliza upande mmoja tu kwa sababu shingo yake ilivunjika na yeye, fundi wa kila kitu, hakuwahi kuitengeneza. Alikuwa mwembamba, mrefu, mchache wa maneno, na mwenye tabia ya kuvisemesha vifaa kwa adabu kuliko alivyosemesha watu.

Mume wake alikuwa haoni tangu utotoni. Kazini kwake walimwita Vidole. Alikuwa mhakiki katika shirika linalochapa vitabu vya shule kwa maandishi ya nukta nundu, yale yanayosomwa kwa kupapasa. Kabla kitabu hakijaenda kwenye mitambo, kilipita mikononi mwake. Mezani kwake palikuwa na mashine ndefu nyembamba, kama rula nene, iliyounganishwa na kompyuta kwa waya. Juu yake kulikuwa na mstari wa pini ndogo zinazonyanyuka na kushuka, na kila kilichokuwa kwenye skrini kiligeuka kuwa nukta chini ya vidole vyake. Alisoma hivyo kwa kasi, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayesengenywa chumba cha pili. Kiwanda kilichoitengeneza mashine ile kilikufa zamani, na mpya za aina nyingine ziliuzwa bei ambayo shirika lilisikia likacheka.

Nyumbani hawakuitana mume na mke. Yeye alimwita Shangazi "Fundi," na Shangazi alimwita yeye "Msomaji." Mtu akimuuliza Vidole kazi yake nini, hakusema mhakiki. Alisema, "Mimi nasoma," basi, kama wengine wanavyosema mimi ni baba.

Halafu shirika likaletewa kompyuta mpya.

Zilikuja kwa mbwembwe. Mkurugenzi alikata utepe, akapigwa picha amekumbatia boksi. Zile za zamani ziliuzwa siku iyo hiyo. Vidole akachomeka mashine yake kwenye kompyuta mpya, akaweka mikono tayari, akangoja. Pini zilitetemeka kidogo, zikalala. Akachomoa, akachomeka tena. Zikatetemeka, zikalala.

"Usihangaike, mzee wangu," Mkurugenzi akamwambia, akimpiga bega. "Hizi za kisasa zinaongea! Zinakusomea zenyewe. Wewe weka spika masikioni, ukae unastarehe."

"Mheshimiwa, nukta ikikaa pasipo pake, inasikikaje?"

Mkurugenzi alicheka, akifikiri ni utani.

"Siulizi kwa mzaha," Vidole akasema. "Mtoto atakayekisoma kitabu hiki atakishika. Lazima awepo mtu aliyekishika kabla yake."

"Basi tutaona mwisho wa muhula, mikataba ikipitiwa upya. Anayehakiki atahakiki, asiyeweza tutamtafutia pengine." Alilisema hilo kwa upole kabisa, na akaondoka kwenda kutazama picha zake.

Ndiyo ikawa hivyo. Mashine isome kabla ya mwisho wa muhula, au Vidole aache kuwa msomaji.

Shangazi alipopata habari, alifanya lile ambalo mimi na wewe tungelifanya: alimpigia simu fundi wa kompyuta wa shirika. Kijana huyo walimpa jina la Neno la Siri, kwa sababu hakuna aliyewahi kupata kitu kwake bila kutajiwa masharti ya neno la siri.

"Nina kiraka kidogo tu cha programu," Shangazi akamwambia. "Nikiweke kwenye kompyuta ya mume wangu, dakika moja."

"Mama, mimi sikatai. Lakini kompyuta za ofisi zinapokea kile tu kinachotoka kwenye mfumo rasmi. Nikikuruhusu wewe leo, kesho yule wa mahesabu ataweka cha kupigia muziki."

"Mashine ya mume wangu si muziki, mwanangu."

"Mimi najua, mama. Kanuni ndiyo haijui."

Hapo Shangazi alikubali, maana mwenyewe amekula mkate wa kanuni maisha yake yote. Njia ikabaki moja: dawa iingie kwenye kiendeshi chenyewe, cha watu wote, halafu ishuke na masasisho ya kawaida hadi mezani kwa mumewe.

Akatafuta kazini kwake ubao wenye chipu ile ile ya kompyuta mpya, akautandaza mezani, akaazima mashine ya mumewe, akaanza kupima. Akagundua kwamba chipu ikichomekewa mgeni, humtingisha ili aanze upya, kisha humwuliza maswali papo hapo. Ile ya kompyuta za zamani ilikuwa mvivu, ikichelewa kuuliza. Hii mpya ilikuwa na haraka ya karani anayetaka kwenda kula. Shangazi akaandika agizo: chipu yoyote yenye nambari hii, ikishamtingisha mgeni, ingoje kwanza. Akajaribu. Mara pini za mashine zikanyanyuka, zikasimama imara.

Akalituma agizo lake kwa Bawabu. Jina lake halisi ninalo lakini halitusaidii. Alikuwa mtu wa nchi nyingine anayelinda lango la sehemu ile ya mfumo. Lolote linaloingia lazima alipitishe yeye, na maneno yake yalikuwa machache kama ya mtu anayelipia kila herufi. Bawabu alimjua Shangazi kwa kazi yake ya miaka. Akapitisha bila swali.

Sasisho likashuka. Vidole akarudi nyumbani mchana ule na hatua za mtu anayetaka kukimbia lakini anaogopa ngazi.

"Fundi! Inasoma!"

"Najua. Nimesikia mlango ulivyofunguliwa."

"Nimehakiki kitabu kizima cha hesabu cha darasa la pili. Kimeoza kwa makosa, ukurasa kwa ukurasa. Sijafurahi hivi tangu nizaliwe."

Wakala chakula wakicheka. Walikuwa na furaha ya watu wazima, ile inayoshuka mabegani.

Kisha ukaja ujumbe kutoka kwa mkunga.

Uliletwa kwenye mahali pa wazi ambapo watu huandika malalamiko ya mfumo, na uliandikwa kwa woga wa mtu anayedhani amegonga nyumba siyo. Alisema anafanya kazi kwenye zahanati ndogo. Alisema hajui kama wahusika ndio hao. Tangu kompyuta yao ilipojisasisha, mashine ya kusikiliza moyo wa mtoto tumboni inanyamaza katikati ya kazi. "Inarudi baadaye kidogo," aliandika. "Lakini wakati imenyamaza, mama anakuwa ananitazama usoni." Chini yake, kijana fulani mwenye huruma alikuwa amemsaidia kubandika taarifa za kompyuta ile. Nambari ya chipu ilikuwa ile ile.

Shangazi aliusoma amesimama, kikombe mkononi. Akakiweka kikombe chini, akakosa meza, chai ikamwagikia mbao zake, asiitazame. Alishaelewa kabla ya kupima. Mashine ya mkunga, kila umeme ukiyumba, hutingishwa ianze upya, nayo inataka ijibiwe haraka. Ikicheleweshwa, inadhani imeachwa, inajizima. Na nani aliyeichelewesha? Agizo la Shangazi. Alikuwa amefanya lile kosa ambalo watu wa kazi yake wanalijua na wanalicheka kwa wenzao: mgonjwa ni mgeni, dawa kampa mwenye nyumba. Badala ya kuiwekea sharti mashine moja ya nukta, alikuwa ameiwekea chipu nzima, kwa kila kompyuta iliyo nayo, kila zahanati, kila mahali. Kama angekuwa amepima mashine nyingine tatu nne angeona. Hakupima. Mtu akiwa na mume aliyekaa mezani mikono mapajani, anapima mara moja, ikikubali anashukuru.

Alilifuta agizo lile kabla chai haijakauka. Akamwandikia mkunga amsamehe, na kwamba sasisho jingine linakuja. Kwa Bawabu aliandika: "Kosa langu. Liondolewe leo." Bawabu akaliondoa leo.

Jioni alimwambia mumewe. Nilikuwepo, maana nilikuwa nakaa kwao, nikijifanya natafuta chumvi.

"Msomaji, ile dawa inaumiza watu."

"Watu gani?"

Akamweleza. Vidole alisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya meza, haichezi.

"Umeshaiondoa, au unaniomba ruhusa?"

"Nimeshaiondoa."

"Basi usiniombe."

"Sikuombi. Nakuambia."

"Nimesikia." Kisha akasema, si kwa hasira, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi: "Yule anamsikiliza mtoto ambaye hajazaliwa. Mimi natafuta nukta kwenye vitabu vya darasa la pili. Nikubishie nini? Ila ungekuja kuniambia kabla, nikasema 'ondoa' mimi mwenyewe. Hilo tu. Ungeniachia hata hilo."

Shangazi aliyezoea kuvibembeleza vifaa vyote vya dunia hakuwa na agizo la pembeni kwa hali ile. Vidole akainuka, akapapasa kiti chake, akakirudisha chini ya meza kwa uangalifu, akaenda chumbani.

Siku ambayo sasisho jipya lilishuka kazini kwake, mashine ilinyamaza katikati ya sentensi. Alikaa hapo na spika masikioni, akisikiliza programu ikimsomea kitabu cha sayansi kwa sauti ya mtu aliyeshiba, isiyojua inachosoma. Wenzake walianza kumpita kimya, wakidhani asiyeona hasikii mtu akipita.

Mwisho wa wiki ile, asubuhi, alikuja mwenyewe chumbani kwa Shangazi nyuma ya stoo. Hakuwahi kuja kule kabla, maana waya sakafuni ni mtego. Alikuwa amebeba mashine kwapani, imefungwa kwa taulo.

"Chomeka," akasema.

"Nimeshaichomeka mara chungu nzima, Msomaji. Najua inavyofanya."

"Unajua skrini inavyokuambia. Chomeka. Nataka kuishika inavyokufa."

Shangazi akamvutia kiti. Akaichomeka kwenye ule ubao wake. Vidole alikuwa ameweka vidole vyote kwenye pini, vyepesi, kama mtu anayepima homa. Pini zikatetemeka, zikalala.

"Tena."

Akarudia. Shangazi macho yake yalikuwa kwenye skrini, ambako maandishi yalipita mbio: mgeni ameonekana, mgeni hajibu, mgeni ameondolewa. Ndivyo alivyofanya tangu mwanzo. Kutetemeka kwa pini alikuona lakini hakukutia maanani. Mtu anayekata roho anatetemeka, alifikiri, kuna nini cha kutazama?

"Haitetemeki," Vidole akasema. "Tena. Polepole kama unaweza."

"Siwezi polepole. Chipu ndiyo yenye haraka."

"Basi tena tu." Akainamisha kichwa. "Ngoja. Inanyanyuka yote. Halafu inaanza kushuka, pini moja moja, kutoka kushoto. Inajihesabu. Kama mtu aliyeamka anayehakikisha vidole vyake vyote vipo. Ikifika katikati, inapigwa kofi. Inaanza tena kushoto, na kabla haijafika popote, imekufa."

Shangazi aliacha kutazama skrini.

"Kofi?"

"Kofi. La pili. La kwanza ndilo linaloiamsha. Unaisalimia mara mbili, Fundi?"

Ndiyo, alikuwa anaisalimia mara mbili. Kila mtu anasalimiwa mara mbili: kitabu cha kanuni kinaruhusu, na viendeshi vyote vimezoea. Mgeni akija, chipu inamtingisha, inamwuliza swali dogo la kwanza, kisha inamtingisha tena ili wapeane namba kwa utulivu. Wageni wengi hawajali. Lakini hii, kila ikitingishwa, ilianza kuzihesabu pini zake, na haikujua kujibu mtu huku inahesabu. Chipu za zamani, kwa uvivu wao, ziliipa nafasi ya kumaliza. Dawa ya kwanza ya Shangazi ilifanya kazi kwa bahati, kwa sababu kungoja kulikuwa kurefu kiasi cha kuficha ugonjwa wenyewe.

"Mimi nilimtibu mwenye nyumba," akasema taratibu.

"Usianze kulia, una waya za umeme hapo."

"Silii."

"Nasikia unavyopumua. Andika."

Akaandika. Safari hii hakugusa chipu. Agizo lilitaja mashine moja tu, kwa nambari zake za kiwandani, za kiwanda kilichokufa: ikija hii, isalimiwe mara moja, kisha isubiriwe mpaka imalize. Kifaa kingine chochote duniani kisihusike. Akalijaribu kwa mashine, kisha akaazima vifaa kwa kila aliyekuwa na kifaa, hata mzani wa duka la dawa la jirani, akavichomeka kimoja kimoja huku Vidole akiwa kwenye kiti akisema, "Na hicho?" Vyote vilifanya kazi kama kawaida. Pini za mashine zilinyanyuka, zikajihesabu kutoka kushoto mpaka kulia bila kuguswa, zikasimama.

Vidole aliviacha vidole vyake pale juu, kwenye mstari mtupu usio na neno.

Bawabu safari hii aliuliza. Aliandika: "Kiwanda hakipo. Mashine haiuzwi. Kila agizo tunaloliingiza tunalibeba miaka yote. Inatumiwa na watu wangapi?"

Shangazi alikaa na swali hilo kutwa. Angeweza kuandika "watumiaji kadhaa." Neno kadhaa lina adabu, halimkamati mtu. Aliniambia baadaye alilichapa, akalifuta. Akaandika: "Ninayemjua ni mmoja. Ni mume wangu. Ndiye niliyemharakishia mara ya kwanza nikaumiza wengine, kwa hiyo una haki ya kukataa."

Jibu lilikuja na neno moja: "Limepokelewa."

Lakini kupokelewa ni jambo moja na kushuka ni jingine. Dawa ya kufuta kosa hukimbizwa; agizo jipya hungoja toleo linalofuata, lijaribiwe na huyu na yule, lipange foleni. Shangazi aliwaandikia watu, wakamjibu kwa heshima kwamba foleni ni foleni. Alimpigia Neno la Siri, naye, nampa haki yake, safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama, likishuka tu nitaliweka siku hiyo hiyo. Nakuapia. Lakini halijashuka."

Muhula ukaisha kwanza.

Mkurugenzi alimwita Vidole ofisini, akamkalisha kwenye kochi lile linalomeza watu. Alimwambia shirika haliwezi kumwacha mtu wake. Alimwambia wamemtafutia nafasi ya heshima, mapokezi, kupokea simu. Sauti yake nzuri, na simu, alivyosema, haihitaji macho.

"Wala vidole," Vidole akasema.

"Naam! Hakuna usumbufu wowote."

"Na vitabu atavihakiki nani?"

"Programu. Imeshaonyesha ufanisi mkubwa. Kwenye ripoti."

Vidole alijitoa kwenye kochi, kazi ambayo hata waonao huwashinda. "Nashukuru, mheshimiwa. Sina ugomvi na simu. Lakini mtu akiniuliza kazi yangu nini, nitakuwa nimebaki na jibu gani?"

Mkurugenzi akamshika mkono, akamsindikiza mpaka mlangoni, na akasahau kumwambia kuna kizingiti.

Toleo lilishuka baada ya hapo, Vidole ameshaacha kazi. Kwenye kompyuta za shirika Neno la Siri aliliweka siku ile ile kama alivyoapa, na meza ya Vidole ilikuwa na mtu mwingine, anayepokea vifurushi. Nyumbani lilishuka asubuhi, watu wanakunywa chai. Shangazi aliiweka mashine mezani, kati ya mkate na birika, akaichomeka kimya, akairudisha mikono yake mapajani.

Pini zikanyanyuka. Zikajihesabu.

Vidole alizisikia kabla hajazigusa. Zina mlio mdogo, kama mchanga unaomwagwa kwenye karatasi. Akasogeza kikombe. Akaweka vidole.

"Niwekee kitu."

"Kitu gani? Kuna gazeti. Kuna kile kitabu cha..."

"Chako. Hayo maagizo yako. Miaka yote hii umeandika, mimi nahakiki vitabu vya watoto wa watu, chako sijawahi kukisoma."

"Si kitabu, Msomaji. Ni vituko vya chipu. Hakuna hadithi humo."

"Niwekee."

Akamwekea. Akataka kumpeleka moja kwa moja mwishoni, kwenye agizo la mashine yake. Vidole akakataa, alitaka mwanzo. Basi akaanza na chipu ya kwanza, ile isemayo imeamka huku imelala, na maelezo mafupi ambayo Shangazi aliyaandika juu yake akiwa bado msichana. Alisoma kichwa kimeinama upande. Shangazi alikaa, hakwenda kazini kwa wakati, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Huyu naye," Vidole akauliza, kidole kimesimama, "alikosa nini mpaka ukamwandikia asilazwe kabisa?"

"Akilazwa haamki."

"Hata akiitwa?"

"Hata akiitwa. Nilimjaribu kwa kila njia."

"Na ukamwacha aendelee na kazi hivyo hivyo."

"Ningemfanya nini? Ameshatengenezwa hivyo. Na alikuwa ndani ya kompyuta za watu."

Vidole akatikisa kichwa taratibu. Hakuna aliyekuwa anamngoja popote siku ile, wala siku iliyofuata. Akakipeleka kidole chake mstari wa chini, akaendelea kusoma.